Kumi na Tisa, Kisha Thelathini

Watu wanaoniletea kazi pale Atlabara, hapa Juba, wanajua kwamba nina mdomo. Ukinipa flashi yako, nikifungua faili nikakuta umesukuma sura ya pili hadi ukurasa mpya kwa kubonyeza enta mara ishirini na saba, nitakuuliza mbele ya foleni nzima ni nani aliyekufundisha hivyo, na kama mtu huyo bado anatembea barabarani bila aibu. Wanafunzi wa chuo kikuu wameshanizoea. Wanacheka, wanasema leo mama kaamka vibaya, lakini hawaondoki, kwa sababu wanajua nitawanyooshea kazi yao. Nilikuja Juba kutoka Kenya nikiwa karani wa shirika fulani. Mkataba ulipoisha wenzangu wakarudi nyumbani, mimi nikakodi chumba cha mabati karibu na chuo, nikaweka kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na jenereta yenye kelele kunishinda mimi.

Nambari za kurasa ndizo zilizonipa jina. Watu huzidharau mpaka kazi irudishwe. Jalada halitaki nambari, kurasa za shukrani na yaliyomo zinataka zile za Kirumi, sura ya kwanza inataka kuanza na moja, na kompyuta haiwezi kuyajua hayo mpaka uiambie. Unakata sehemu, unaingia chini ya ukurasa, unazima kile kiungo kinachofanya sehemu hii iige ile iliyotangulia, kisha unaiambia ianzie ngapi. Kwa anayejua ni dakika tano; kwa asiyejua ni wiki ya machozi. Mimi nilikuwa najua, nikajivuna, na sioni haja ya kuficha. Kujivuna huko ndiko kulikonifanya nimvue nguo mama wa watu mbele ya kanisa.

Alikuja asubuhi moja kwa boda kutoka mtaa wa Mangateen, mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, amevaa lawa safi begani, ule mtandio unaofungwa hapa fundo moja juu ya bega. Alikuwa ameifunga flashi kwenye kitambaa cha kichwa. Aliketi, akakataa chai, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Binti yangu, hapa ndani iko kitabu ya bwana yangu. Nyimbo ya kanisa. Mimi nataka kitabu ingine, mpya, ya watu wote."

Nilimdodosa. Mumewe alikuwa mwalimu kambini, kaskazini mwa Uganda, miaka ile ya ukimbizi. Alizichapa nyimbo zao za Kibari, lugha yao, kwenye kompyuta ya shule, wimbo mmoja ukurasa mmoja, zikatolewa fotokopi. Yeye alikufa hukohuko, hakuwahi kurudi. Vitabu viliisha: vingine mvua, vingine mchwa, vingine vilibaki njiani watu walipokimbia tena. Hata kile kimoja alichonacho nyumbani kilikuwa kimeliwa kona zote za chini. Sasa kanisa lao dogo limechangishana, na yeye ndiye anayeongoza nyimbo, kazi aliyoifanya tangu kambini. "Hiyo ndiyo kazi yangu," alisema. "Watoto wote wamekwenda. Shamba hakuna. Ile tu imebaki."

Nikafungua faili. Jameni! Marehemu alikuwa mwalimu mzuri, sina shaka, lakini hakuna aliyemfundisha kompyuta. Kila wimbo aliusukuma kwa enta hadi ukurasa wake, na nambari ya ukurasa aliiandika kwa mkono, chini kabisa, kama ungefanya kwenye taipureta. Kwa mashine yake ilikaa vizuri. Kwenye mashine yangu, yenye herufi nyingine na karatasi ya kimo kingine, kila kitu kilikuwa kimeteleza. Beti za wimbo mmoja zilikuwa zimeingia nyumba ya mwenzake, na zile nambari zilikuwa zimetapakaa katikati ya maneno kama mawe kwenye mchele. Nikacheka kwa sauti. Yule mama akacheka pia, bila kujua tunacheka nini.

Nina utaratibu wangu. Kwanza nanyoosha maandishi, natoa nakala moja isiyo na nambari, mwenye kazi anaipitia ukurasa kwa ukurasa na kuweka alama ya vema kila mahali. Nambari huziweka mwisho, kwa kuwa maandishi yakihama zinahama nayo. Basi nikaukata kila wimbo ukurasa wake kwa njia ya halali, nikampa nakala. Aliipitia polepole sana. Akawa anakaa juu ya kila ukurasa, midomo ikicheza, akiweka vema yake iliyopinda. Nikajiambia, huyu ni msomaji makini, angekuja kunifanyia kazi hapa.

Alipomaliza akauliza, "Na namba?"

"Namba niachie mimi, Mama."

"Ibaki ile ile ya bwana."

"Zitakuwa safi kuliko za bwana," nikamjibu, na tayari nilikuwa nimeshageukia mteja mwingine.

Nilimsikia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilimsikia vizuri kabisa. Niliona tu kwamba ukurasa wa mwisho wa marehemu uliandikwa sitini, na nyimbo nilizohesabu zilikuwa hamsini na moja. Nikasema maskini, hesabu zilimshinda. Kabla hata ya kumpa ile nakala nilikuwa nimeiambia kompyuta itafute kila mstari wenye tarakimu peke yake na kuufuta, yote kwa mpigo, bila kuangalia ni tarakimu gani. Kisha nikaweka nambari za kompyuta, moja hadi hamsini na moja, katikati, chini, nzuri ajabu. Nikahifadhi kwenye flashi yake, juu ya faili lile lile, nikachapa vitabu vyote, nikakunja, nikapiga pini. Vilipendeza. Mwenyewe nilivipiga picha.

Mama alinialika kanisani Jumapili vitabu vilipogawiwa. Nikavaa gauni langu la kitenge, nikaketi mbele kama mgeni rasmi. Kanisa lenyewe ni mabati na magunia, lakini watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na kitabu changu mkononi, wananusa karatasi mpya. Mama alisimama. Hakushika kitabu. Aliita namba saba kwa Kiarabu cha Juba, lugha ambayo mimi naijua ya sokoni tu, kurasa zikafunguliwa, akaanzisha, na watu wakapokea kwa sauti iliyonipandisha nywele za mikono. Nikajisemea, wacha! Kazi yangu hiyo.

Wimbo wa pili aliita thelathini na nne.

Akaanzisha. Wazee wakapokea naye. Lakini vijana, waliokuwa wakifuata kitabu, walikuwa na wimbo mwingine mbele yao. Wengine wakanyamaza, wengine wakaimba maneno ya ukurasa wao kwa tuni yoyote, ikawa vurugu tupu. Mwenyekiti wa vijana akainua mkono. Ni kijana wa benki, mtanashati, alikulia Nairobi, na Kibari amejifunza ukubwani kwa kusoma. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema tu, "Mama, hiyo si thelathini na nne. Angalia kitabu, tusomee mstari wa kwanza."

Akampa chake. Mama akafungua, kidole chake kikaenda moja kwa moja chini ya ukurasa, kwenye namba. Thelathini na nne, ndiyo. Akatazama maneno yaliyo juu yake. Akafungua mbele, akafungua nyuma, kidole kikishuka chini kila mara. Kanisa lilikuwa linangoja. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Hapo nikaelewa: alikuwa anazijua namba, lakini herufi hakuzijua hata moja. Nakala niliyompa dukani hakuisoma. Alikuwa akiimba kimoyomoyo, akihesabu nyimbo kwa mpangilio anaoukumbuka.

"Malesh," akasema. Samahani. Akarudisha kitabu, akaenda kuketi kwenye benchi la wanawake, nyuma kabisa. Kijana akaongoza nyimbo zilizobaki.

Baada ya ibada nilimsikia mwenyekiti akizungumza na wazee wa kanisa, kwa upole, nikiri hilo. Alisema sasa kuna vitabu, ni vizuri anayeongoza awe anayeweza kusoma, na Jumapili ijayo wachague. Wazee walitazama chini. Kitabu kilikuwepo, na kila mtu alikuwa ameona. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu sikufungua duka. Nilipanda boda hadi Mangateen, nikaulizia, nikamkuta nje ya nyumba yake anaanika mboga. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yote yakanipotea.

"Mama, nimekukosea," nikasema.

"Wewe hukujua."

"Uliniambia zibaki zile zile. Nilikusikia, nikajifanya najua zaidi."

Aliendelea kutandaza mboga. Akasema, "Sasa wamejua. Miaka yote hii hawakujua. Bwana peke yake alijua." Halafu akanitazama usoni. "Ile benchi ya nyuma iko baridi, binti yangu."

Nililia palepale, mtu mzima na kitenge changu. Yeye ndiye aliyeniletea maji.

Nilipotulia nikamwambia nitarudisha namba za marehemu, kila moja, kabla ya Jumapili. Ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kuzitoa. Faili nilikuwa nimelifunika. Kitabu chake kilikuwa kimeliwa na mchwa mahali palepale pa namba. Nikamweleza ukweli wote, nikingoja anifukuze. Akacheka!

"Namba iko hapa," akasema, akijigusa kifua. "Wewe soma, mimi nasema."

Kesho yake akaja dukani na chakula chake kwenye sufuria, tukaanza. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikamsomea mstari wa mwanzo kwa Kibari changu cha kuokota, bila kujua natamka nini. Aliniangalia kwa huruma. Nikarudia. Akashika mbavu, akacheka mpaka wanafunzi wawili waliokuwa wakingoja fotokopi nao wakaanza kucheka. "Wewe umesema ng'ombe wa Mungu amevaa viatu," akaniambia. Ebo! Basi nikajifunza kusoma polepole, silabi kwa silabi, na akishaujua wimbo anainua mkono ninyamaze, anaimba ubeti wote kwanza, kisha ndiyo ananipa namba. Moja. Mbili. Tatu. Wateja waligundua kwamba wakikaa kimya wanaburudishwa bure.

Tulifika kumi na tisa vizuri. Nikasoma uliofuata, nikaandika ishirini kabla hata hajafungua mdomo.

"Hiyo thelathini," akasema.

"Ishirini, Mama."

"Thelathini. Kumi na tisa, kisha thelathini."

Nilitaka kubisha. Mdomo wangu ulishafunguka. Nikaufunga, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Nikaandika thelathini. Ukafuata thelathini na moja, thelathini na mbili, hadi arobaini na nne, na baada ya hapo akasema tena arobaini na nne.

"Mbili, Mama?"

"Ya kwanza na ya pili. Watu wanasema hivyo, arobaini na nne ya pili. Siku hiyo mimi nilikuwa nazaa. Walikuja kumwita shuleni, akakimbia. Aliporudi akaanza pale alifikiri amewacha." Akatabasamu. "Hiyo alikosea kabisa."

"Na ile kumi? Ishirini mpaka ishirini na tisa? Alikosea pia?"

Alisogeza sufuria yake pembeni. "Hapana," akasema. "Ile aliacha makusudi. Kumi na tisa ya kwanza ni nyimbo ya nyumbani, ya zamani, ya wazazi. Kuanzia thelathini ni nyimbo ya kambi. Katikati aliacha kumi. Alisema hapa tutaweka nyimbo ya kurudi. Tukifika, utatunga, nitaandika."

Nikageuza kiti. "Atatunga nani?"

"Mimi."

"Hizi za kambi zote, ni wewe?"

"Nani mwingine? Mimi naimba, yeye anaandika. Ndiyo kazi yetu ya jioni ilikuwa hiyo." Alilisema kama mtu anavyokuambia alikuwa akipika maharagwe. Nyimbo thelathini na mbili. Kanisa zima lilikuwa linajadili kama mama huyu anafaa kushika kitabu alichokitunga mwenyewe, na jalada halikuwa na jina la mtu, na yeye hakuona sababu ya kumwambia yeyote.

"Na za kurudi? Mbona hukutunga?"

"Nani ataandika?"

Nilifungua ukurasa mpya baada ya kumi na tisa, nikaweka vidole kwenye herufi, nikamwambia, "Mama, imba."

Alikataa siku hiyo. Alikataa na Jumatano, tukaendelea na namba tu. Nilichapa stika ndogondogo zenye namba za marehemu, jedwali zima la vinamba, nikarekebisha ukingo mara tano hadi zikalingana na mahali pa zile zangu, tukaanza kubandika kitabu kimoja baada ya kingine, yeye akibandika, mimi nikikata. Kwenye faili nako nikazirudisha. Hamwezi kuamini ilivyokuwa kazi kuilazimisha kompyuta iruke kumi na kurudia arobaini na nne. Inataka kukusahihisha. Nilikata sehemu, nikazima viungo, nikaiambia anzia thelathini, ikarudi ishirini, nikaitukana. Siku nzima nilitumia ujuzi wangu wote kufanya kosa la mwalimu mmoja aliyekimbilia kuona mtoto wake, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile.

Alhamisi, akiwa amejaza kidole gundi, akaanza kuimba chinichini. Sikuwa nimewahi kuusikia wimbo huo. Nikaacha mkasi. Nikageukia kompyuta polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua kuku, nikaanza kuandika nilichosikia. Aliniona. Hakunyamaza. Alirudia kila mstari mara mbili, mara tatu, hadi vidole vyangu vikamfikia.

Lakini nitajuaje kama herufi zangu ni sahihi? Mimi Kibari sikijui, yeye herufi hazijui. Tulikuwa tumebakiwa na mtu mmoja tu anayejua vyote viwili. Nikampigia mwenyekiti wa vijana, nikamwambia kwa sauti yangu ya dukani afike kabla ya kazi, Ijumaa asubuhi, na asiniletee sababu.

Alifika na tai yake. Alipomwona Mama akasimama mlangoni, hajui aweke mikono wapi. Nikampa karatasi ya wimbo mpya, nikamwambia, "Sahihisha. Mwenye wimbo ni huyu. Na hizo nyingine za kambi, kuanzia thelathini, pia ni huyu."

"Zote?"

"Muulize."

Hakuuliza. Alisoma karatasi, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sauti. Akaniomba kalamu, akarekebisha herufi sita au saba. Kisha akapiga goti kwenye sakafu yangu ya saruji, na suruali yake ya benki, akamwambia, "Mama, nisamehe. Nilidhani umepoteza ukurasa." Mama akamshika kichwa. Akamwambia suruali itachafuka, ainuke aende kazini.

Nilichapa ukurasa mmoja kwa kila kitabu, nikaubandika kwa gundi kati ya kumi na tisa na thelathini. Chini niliweka namba yake, na juu ya wimbo, kwa mara ya kwanza, jina lake na la mumewe. Hapa sitaliandika, kwa kuwa aliniomba nisimtangaze tena bila kumwuliza.

Jumapili hawakuchagua mtu. Mwenyekiti wa vijana alikwenda mwenyewe benchi la nyuma, akamshika Mama mkono, akamleta mbele, akarudi kuketi. Mama akaita thelathini na nne, ule ule. Kurasa zikafunguliwa. Safari hii wazee na vijana walikuwa mahali pamoja, na mimi niliyechapa zile stika nikachungulia kitabu cha jirani kuhakikisha.

Kisha akaita ishirini.

Wazee wakageuka kutazamana. Waliimba naye miaka mingi, na namba hiyo hakuna aliyewahi kuisikia ikiitwa. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba haipo, Mama amesahau. Mjukuu wake akamfungulia, akamwonyesha. Mzee aliweka kidole juu ya namba, akakiacha hapo. Mama alingoja mpaka kila mtu afike, hakuwa na haraka, halafu akaanzisha.

Siku hizi huja dukani kila Jumatano. Tunaanza na herufi, anazijua kumi na moja sasa, na ile ya kwanza ya jina la mumewe huiandika kubwa kuliko zote. Tukimaliza herufi ninafungua faili. Zimebaki kurasa tisa.